Msiharakishe Kumpa Mtu Jina

Wanangu, kuna jambo linaniuma nami siwezi kulinyamazia. Mnampa mtu jina kabla hamjamjua. Kijana kapita barazani bila kutoa shikamoo: hana adabu. Muuguzi kajibu kwa mkato: ana roho mbaya. Lakini nyinyi mkipita bila kusalimia, udhuru hamkosi: nilikuwa na mawazo, nilikuwa nimepigiwa simu ya msiba. Kosa la mwenzako unaliita tabia, la kwako unaliita shida. Mizani gani hiyo?

Mwaka 1973, wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti walioufanya Princeton, Marekani, kwa vijana waliokuwa wakisomea uchungaji. Kila mmoja alitumwa jengo la pili akatoe hotuba fupi, na baadhi yao walipewa wazungumzie Msamaria Mwema, yule wa kwenye Biblia aliyesimama njiani kumsaidia majeruhi. Njiani aliwekwa mtu kajikunyata mlangoni, macho kayafumba, anakohoa na kugumia. Katika walioambiwa muda bado upo, 63 kwa kila 100 walisimama kumsaidia. Katika walioambiwa wamechelewa na wanasubiriwa, ni 10 tu kwa kila 100. Wapo waliomruka yule mtu, wakaenda zao kumsifu Msamaria!

Ungemwona kijana anamruka mgonjwa, ungeapa kwamba ni mnafiki. Kumbe mwenzake wa darasa moja, kwa sababu tu hakuharakishwa, aliinama akauliza, “Unaumwa?” Simwondolei lawama aliyeruka. Ninachowakanya ni kudhani mmeusoma moyo wa mtu, na mlichokiona ni haraka yake ya siku ile.

Siku hizi hukumu hiyo mnaipitisha kwa video ya nusu dakika. Mama kamfokea mtoto sokoni, tayari keshasambazwa kwenye makundi, keshatukanwa na watu wasiolijua hata jina lake. Kabla hujaituma, jiulize alikuwa anatoka wapi na nini kilitokea kabla simu haijaanza kurekodi. Huna jibu? Basi usiitume.

Ila msinielewe vibaya. Tendo likirudiwa leo na kesho, hapa na pale, mtu katulia wala hana kinachomsukuma, hiyo ni tabia, iiteni hivyo. Binti yangu, mchumba anayekutukana akiwa ameshiba na amepumzika, wiki hii na wiki ijayo, usimtafutie udhuru. Fungasha vitu vyako urudi nyumbani, hata kama ni usiku. Tutakufungulia.