Nuru Haina Benchi

Zahanati, benki, stendi ya mabasi: palipo na watu wengi kuliko nafasi, pana benchi. Data za intaneti nazo zina benchi lao, kumbukumbu ya umeme ndani ya ruta. Pakiti, yaani vipande vya data hizo, hukaa hapo hadi njia iwe wazi, na ya mwenye haraka huruka foleni. Sasa toa benchi.

Ndivyo ulivyo mtandao wa mikupuo ya nuru, walioueleza Chunming Qiao na Myungsik Yoo wa Buffalo, Marekani, katika makala ya mwaka 1999. Pakiti hukusanywa ukingoni mwa mtandao zikawa mkupuo mmoja, nao hupita swichi baada ya swichi ukiwa nuru tupu. Nuru haihifadhiki. Utaizungusha tu: bunda la uzi wa kioo wa kilomita 1 huichelewesha mikrosekunde 5 hivi, basi. Mikupuo miwili ikigombea rangi ileile ya nuru kwenye uzi uleule, bila upenyo mwingine, mmoja hutupwa.

Kwa hiyo mkupuo hutanguliwa na tarishi, pakiti ndogo inayosomwa kwa umeme kila kituo na kuuwekea nafasi. Mkupuo wenyewe haungoji jibu. Muda ukifika huondoka, nafasi ipatikane isipatikane.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki: wahandisi walipotaka kumpendelea mteja wa tabaka la juu, walimchelewesha. Tarishi wake akishaondoka, mkupuo hubaki nyumbani muda wa ziada. Muda huo ukizidi urefu wa mkupuo mrefu kuliko yote wa tabaka la chini, mkubwa karibu hashindwi tena na mdogo, maana nafasi anayoishika iko mbali mbele, ambako wadogo bado hawajaanza kuweka chochote. Benchi, kumbe, lilihamishiwa mlangoni kwa mtumaji, na anayelikalia zaidi ni mheshimiwa.

Kipaumbele ni neno lenye "mbele" ndani yake, nasi tumezoea kuisoma mbele hiyo kwa miguu. Hapa aliye mbele ni aliyetangulia kusema. Tena kuchelewa peke yake si fadhila: wote wakiongezewa muda sawa, hakuna aliyependelewa.

Na hasara je? Mahesabu yalionyesha kwamba ukigawa matabaka, jumla ya kinachotupwa hubaki karibu palepale. "Huduma bora" haikuponya kitu. Ilichagua nani aumie. Mtandao huu haukutoka sana maabarani, lakini swali hilo lilikuwapo kabla yake, na liko kila penye foleni.

Wahandisi walichagua kwa akili, nakiri: simu juu, barua pepe chini. Neno lililokatika katikati ya simu halirudi na wakati wake. Barua pepe ikitupwa, kompyuta iliyoituma husikia kimya cha upande wa pili, ikaituma upya, mwenye barua akiwa ameshainuka kwenda kubandika chai.