Nani mshenzi, nani mstaarabu?

Ndugu zangu Waislamu, sisi watu wa mjini tuna tusi moja lililo jepesi mno midomoni mwetu: mshenzi. Utalisikia kwenye daladala, sokoni, na la kusikitisha zaidi, hata msikitini kwa mtu aliyemaliza kutawadha sasa hivi. Tukilipunguza makali tunasema mshamba, au wa kuja. Na tukitaka kumsifu mtu tunasema ni mstaarabu, ni muungwana.

Maneno haya yana historia, nayo si nzuri. Zamani huku mwambao, muungwana hakuwa mtu mpole tu. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiyehesabiwa kuwa na dini wala adabu za mjini. Katika karne ya 19, misafara ilipotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, neno hili lilifanya kazi kabla ya bunduki, kwani ukishamwita mtu mshenzi, kumtia mnyororo hakukunyimi usingizi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Neno likabaki. Walowezi wa Kiingereza kule Kenya nao wakaliokota, wakaita "shenzi" kila kitu duni, hata mbwa koko. Kwa mlowezi, aliyekuwa akimwita mwenzake mshenzi na aliyeitwa hivyo walikuwa kapu moja.

Sasa tazama "ustaarabu". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni kuwa kama Waarabu. Yaani aliye karibu na Mwarabu ndiye aliyeendelea! Lakini Qur'ani Tukufu inapotaja watu wagumu na wakavu wa tabia, katika Surat Tawba aya ya 97, inawataja mabedui. Hao ni Waarabu kwa damu na kwa lugha. Kisha aya ya 99 inaeleza kuwa miongoni mwa mabedui hao hao wapo wanaomuamini Allah na Siku ya Mwisho. Kwa hiyo Uarabu haukuwa kinga, na ubedui haukuwa muhuri wa kudumu.

Na sote tunaijua habari ya bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (SAW). Kama kuna kitendo cha kishenzi, ni hicho. Masahaba wakamjia juu. Mtume (SAW) akawazuia, akamwacha amalize, akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale, kisha akamweleza kwa upole kuwa misikiti ni ya kumtaja Allah, kuswali na kusoma Qur'ani. Uchafu ulisafishwa, na mtu akabaki na heshima yake.

Linganisha na haya. Kijana mmoja wa bara, aliyesilimu karibuni, aliingia na viatu mpaka kwenye mkeka wa msikiti mmoja hapa mjini. Mzee mmoja akamfokea, "Toka, mshenzi we!" Akatoka. Sijamwona tena pale.

Wanafunzi wangu huniuliza, "Ustadhi, kwani tusikemee?" Tukemee. Kutema mate njiani na kumtukana mama wa mtu ni mambo mabaya, na ubaya uitwe ubaya. Lakini Surat Hujurat aya ya 11 imetukataza kuitana kwa majina mabaya, na jina hulikamata tendo la dakika moja likamvisha mtu maisha yake yote, pengine na kabila lake.

Abu Dharr (RA), sahaba mkubwa, aliwahi kumtukana mtu kwa kumtajia mama yake. Mtume (SAW) alimwambia kwamba ndani yake bado mna ujahiliya. Angalia jinsi alivyokemea: hakumwita jahili, alimwonyesha kitu kilichobaki ndani yake, kinachoweza kutolewa. Akaongeza kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula na tuwavishe tunachovaa. Miaka baadaye, kule Rabadha, mtu mmoja alimkuta Abu Dharr amevaa vazi, na mtumwa wake amevaa vazi kama lile lile. Akashangaa, akamuuliza sababu. Abu Dharr akamsimulia kisa hicho.