Ramadhani, Siku ya 17: Yatima Ambaye Baba Yupo



Ndugu zangu katika imani, kuna kijana anajiandaa kuomba mkopo wa serikali akasomee udaktari wa mifugo pale SUA, Morogoro. Kozi ni miaka 5, na mama yake anauza vitumbua. Baba yupo, ana duka, lakini aliondoka zamani na hatoi hata senti. Rafiki kamshauri aandike kuwa baba amefariki, maana yatima hupewa kipaumbele. Kaniuliza: "Sheikh, nimeishi kama yatima tangu utotoni. Nikiandika hivyo nimedanganya?"

Swali hili si la kupuuza. Shida yake ni ya kweli kabisa. Lakini shida ya kweli haiigeuzi kauli ya uongo ikawa kweli. Fomu ile ni ushahidi, na Surat An-Nisaa aya ya 135 inatuamrisha tusimamie haki katika ushahidi hata ukitugusa sisi wenyewe au wazazi wetu, awe mtu tajiri au masikini.

Tena uongo huu hauendi peke yake. Unahitaji cheti cha kifo, na cheti lazima kihakikiwe RITA. Basi atatafutwa mtu wa kughushi, naye ataingia dhambini. Na fungu la mkopo lina mwisho: yupo yatima wa kweli, humjui wala hakujui, anayeweza kukosa.

Wengine watasema ni dharura. Dharura ni pale milango yote imefungwa. Huyu bado ana mlango: aeleze kwamba baba yupo ila hamtunzi, mama athibitishe, na serikali ya mtaa inayowajua iwaandikie barua. Kueleza shida yako si aibu. Je, anaweza kupata pungufu? Ndiyo, anaweza. Ukweli una gharama, sisemi hauna. Hata kiu ya saa tisa mchana ina gharama, na maji yapo ndani, na hakuna anayekuona.

Halafu aitazame kazi anayoitafuta. Kesho atasimama machinjioni, nyama ina dalili za kifua kikuu, na mwenye ng'ombe analia kwamba huo ndio mtaji wake wote. Naye shida yake itakuwa ya kweli. Muhuri ukigongwa kwa huruma, walaji ni sisi na watoto wetu.

Sasa upande wetu. Tukimwambia kijana aseme kweli, kisha sisi tukaenda zetu kufuturu, tumemtwisha mzigo peke yake. Zaka zetu ziwafikie wanafunzi masikini kama huyu. Na wewe baba mwenye uwezo, usimfikishe mwanao mahali pa kukuzika kwenye karatasi ungali hai. Mpigie simu leo, kabla ya magharibi.

Allah atujaalie ndimi za kweli na riziki ya halali, na awafungulie vijana wetu milango ya kheri. Amin.