Mchoro wa kikwembe ni wa nani?

Kuuliza si ujinga, wanasema wazee. Basi nasi tunaanza na swali. Mama akipita barabarani na kikwembe kipya, watu wakageuka na kusema "kweli kinapendeza", sifa ile ni ya nani? Ni ya yule anayekivaa? Ya yule aliyekichora? Au ya mtu mwingine tusiyemuona?

Swali hili hatukulitoa katika vitabu. Lilitukuta darasani, hapa Butembo.

1. Jambo lenyewe

Baadhi ya wanafunzi wetu wa sekondari wamepata mchezo wa kupitisha wakati: wanachora michoro ya vitambaa kwa telefone na kuituma kwenye mashindano ya intaneti. Mashindano ya namna hii si ya jana. Kampuni ya Spoonflower, iliyoanzishwa mwaka 2008 huko Marekani, ilizoeza watu wengi mambo hayo: linatolewa neno moja, kwa mfano "bustani" au "mvua", kila mwenye kupenda anachora, kisha watu wanapiga kura. Wengi wanaochora si mafundi wa kazi hiyo. Ni walimu, mama wa nyumbani, wanafunzi. Wanachora kwa furaha tu.

Wasiojua wadhani ni kazi rahisi, lakini sivyo. Mchoro wa kitambaa ni mraba mmoja unaorudiliwa mara nyingi. Mstari unaotokea upande wa kuume lazima ukutane na ule wa upande wa kushoto, na wa juu ukutane na wa chini. Usipokutana, kitambaa kizima kinaonekana kama kimekatwakatwa. Ndiyo maana sisi walimu hatukuukataza mchezo huo: humo kuna hesabu, kuna uvumilivu, na kijana anakaa akitulia.

Msichana mmoja wa darasa letu alichora kwa shindano ambalo neno lake lilikuwa "nyumbani". Hakushinda. Lakini picha ilitembea, toka telefone moja mpaka nyingine, hata ikafika kwa komite moja iliyokuwa ikitafuta kikwembe cha sikukuu ya 8 Machi. Komite ikaichukua, ikaichapisha, ikauza. Mtoto aliona mchoro wake mgongoni mwa mama asiyemjua. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemtaja, wala hakuna aliyemwambia aksanti.

Alikuja kwetu akilia. Sisi tukasimama upande wake mara moja. Chanda chema huvikwa pete, tukasema, na huyu pete yake imevikwa mtu mwingine. Tukakumbuka pia kwamba nchi yetu ina sheria ya haki za watungaji, ile ya tarehe 5 Aprili 1986. Tukaenda nyumbani kwao ili kuongea na wazazi.

2. Neno la nyanya

Pale nyumbani tulimkuta nyanya yake, mama mzee aliyekimbia mauaji ya upande wa Beni, yale yaliyoanza mwezi wa Oktoba 2014. Tulitandika kikwembe mbele yake ili tumueleze ubaya uliofanyika. Akakiangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema:

"Mwalimu, hii ni kitunga yangu. Mama yangu njo alinifundishaka. Kule nyumbani niliacha vyote: nyumba, shamba, mbuzi. Hii tu njo nilitoka nayo, juu iko mu mikono. Sasa huyu mtoto aliniuliza siku gani?"

Msichana akajibu kwa sauti ndogo: "Lakini nyanya, ilikuwa mchezo tu."

Hatukuwa na neno la kuongeza. Tulikuja kushitaki komite, na tazama, kosa lile lile tulikuwa nalo sebuleni. Mtoto aliketi karibu na nyanya, akaangalia mikono yake, akahesabu nyuzi nyeusi na nyeupe, akaondoka na mchoro. Komite nayo ikamtendea yeye vivyo hivyo. Naye nyanya anajua kazi ile ya mistari kukutana kuliko sisi wote, kwani kitunga kinazunguka, na mwisho wa mchoro lazima uangukie pale ulipoanzia. Anahesabu kichwani, bila telefone.

3. Wanaosema hapana

Tulipoeleza jambo hili kwa wenzetu walimu, tulipata majibu matatu. Yote yana uzito.

Wa kwanza walisema: ni mchezo, hakuna makuta ndani yake. Sisi tunaona kwamba mchezo hautoi mtu nje ya adabu. Watoto wakicheza mpira bado mmoja anaambiwa "umekosa". Tena katika mashindano yale kinachotafutwa ni sifa, nayo sifa ni mali. Ukiipokea kwa kazi ya mikono ya mwingine, una deni.

Wa pili walisema: mambo ya wazee ni ya wote, hayana mwenyewe. Hapa tunakubali nusu. Kweli, nyanya yule hakuanzisha yeye mwenyewe. Alipewa na mama yake. Lakini kitu cha wote hakimaanishi kitu kisicho na mlinzi. Chemchemi ni ya kijiji kizima, hata hivyo kuna wanaoifagia. Sheria yenyewe inamtafuta mtungaji, mtu mwenye jina lake. Mama mzee anayesuka kitunga hakuandika jina lake popote. Kwa hiyo pale sheria inapofika mwisho, adabu ndiyo inabaki peke yake.

Wa tatu walisema neno gumu zaidi: kama hakuna ruhusa ya kuchukua, basi hata vikwembe vyetu tuvivue! Wana haki. Waxi tunayoiita ya Kiafrika ilianza kwa kuigwa. Watu wa Java, huko Indonesia, walikuwa wakichora vitambaa kwa nta na mikono. Waholanzi wakaiga kwa mashine katika karne ya 19. Kiwanda cha Vlisco kilianzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond. Kisha vitambaa vile vikafika Afrika ya Magharibi, na wamama wafanyabiashara, kama wale wa Lomé walioitwa Nana Benz, wakasaidia kuvipa majina. Kwetu Kongo pia kikwembe kinapata jina: "Mume wangu anaweza", kwa mfano. Huko Zanzibar na Mombasa kanga ina pindo, mji na jina, na kanga bila jina ni kama mtu asiyesalimia.

Basi mchoro unatembea, na ni vizuri utembee. Ungefungiwa nyumbani ungekufa pamoja na nyanya. Kosa si kuchukua. Kosa ni kuchukua na kunyamaza. Leo kila mtu anataja Uholanzi akisifu waxi. Ni nani anayetaja mikono ya Java?

4. Tulivyofanya

Tulimuuliza nyanya kama anataka mchoro ufutwe. Akacheka. "Mimi sikatae. Achore. Lakini aseme ilitoka wapi."

Ni hilo tu aliloomba. Hakuomba makuta. Msichana akaandika upya chini ya mchoro wake jina la nyanya na jina la mama wa nyanya, ambaye hakuwahi kuona telefone. Komite nayo tuliiendea, tukiwa na ukali kidogo kuliko tulivyokusudia mwanzoni. Walisema watamtaja mtoto mwaka ujao. Mpaka leo tungali tunangojea, na hatutaacha kuuliza, kwa sababu kosa la mtoto halifuti kosa la wakubwa.

Darasani tumeweka kanuni moja. Nyuma ya kila mchoro mwanafunzi anaandika mistari mitatu: nani amechora, ameona kwa nani, watu wanauitaje. Mstari wa kwanza unamheshimu mchoraji. Wa pili unamheshimu aliyetangulia. Wa tatu unawaheshimu wanaovaa, maana ndio wanaokipa kitambaa neno la kusema.

Wengine wanajaza mstari wa pili haraka: "nimeona kwa mimi mwenyewe". Tunawarudisha nyumbani waulize. Mara nyingi wanarudi na jina.