Dhamiri ya Mwenye Bunduki ya Zamani

Je, chombo kilichoundwa kuua kinaweza kutunzwa kwa dhamiri safi?

Bunduki ya Lee-Enfield Namba 4 ilibebwa na askari wa Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye Kanada iliwakabidhi bunduki hiyo Canadian Rangers, kikosi cha akiba kilichoundwa 1947. Huko kaskazini, kwa miongo mingi, ikawa kinga dhidi ya dubu weupe.

Chuma ni kilekile. Nia ndiyo iliyobadilika. Lakini nia njema haitoshi. Anayeelekeza mtutu ovyo hawezi kujitetea kwamba hakukusudia kudhuru, kwani uzembe nao ni uamuzi. Dhamiri ya mwenye bunduki hupimwa kwa kazi ya mikono, tena kazi ya kuchosha.

Kazi hiyo huanza na usafi. Risasi nyingi za zamani zina fataki inayoacha chumvi mtutuni. Chumvi huvuta unyevu, unyevu huleta kutu, na mafuta peke yake hayaiyeyushi chumvi hiyo. Ndiyo maana askari walimimina maji ya moto mtutuni, wakaukausha, kisha wakaupaka mafuta. Kabla ya kufyatua, fundi apime nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi: ikizidi, ganda laweza kupasuka na gesi ya moto ikamrudia mpigaji usoni, au ikampata aliyesimama kando yake.