Ndondi, Uso na Mlezi

Ndugu zangu wanafunzi, hapa Asiatique na kwa jirani zetu wa Buyenzi wapo vijana wanaoshinda vijiweni, hawana shule wala kazi. Je, yafaa tuwavute kwa ndondi?

Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliharamisha ndondi za ulingoni, kwani humo mtu hukusudia kumdhuru mwenzake, na Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso. Lakini imepokewa kuwa yeye mwenyewe alishindana mieleka na Rukana. Basi kilichokatazwa ni madhara, si kuujenga mwili.

Mwaka 1954 mjini Louisville, Muhammad Ali, akiwa na miaka 12, aliibiwa baiskeli, akaapa kumpiga mwizi. Polisi Joe Martin alimwambia ajifunze kwanza kupigana, akamkaribisha mazoezini. Hasira ikapata mlezi. Ulingo wa Ali hatuuigi, tumuige Martin.

Tuchukue kamba, gunia la mazoezi na nidhamu, tuache ngumi za uso. Gunia bila mlezi huzaa mbabe tu. Fat'wa tumeshaisoma, nani kati yetu atakuwepo pale kila siku baada ya Alasiri?

Wallahu a'lam.