Je, Uzuri Husafisha Mali?

Mtu akipata mali kwa jasho la watu waliofungwa minyororo, kisha akamlipa fundi hodari amtengenezee kitu cha kupendeza, je, yatupasa kukisifu kitu kile? Swali hili si la kubuni. Waholanzi wamekuwa wakiulizana katika nyumba zao za makumbusho, nasi yafaa tulitafakari.

Mwaka 1634 Rembrandt alichora picha mbili za Marten Soolmans na mkewe Oopjen Coppit, matajiri wa Amsterdam. Zinawaonyesha kwa kimo chao kamili, toka kichwani hadi miguuni. Bwana amevaa nguo nyeusi za fahari, na viatu vyake vimepambwa kwa maua makubwa. Mwaka 2016 Uholanzi na Ufaransa zilizinunua picha hizo pamoja kwa euro milioni 160. Lakini utajiri ule ulitoka wapi? Baba yake Marten alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari, na sukari yenyewe ilitoka Brazili, ambako miwa ililimwa na watumwa waliochukuliwa Afrika.

Mwaka 2021 makumbusho ya Rijksmuseum yalifanya maonyesho juu ya utumwa, yakieleza maisha ya watu kumi. Picha hizo zilikuwamo. Ulikuwamo pia mkatale, yaani gogo lenye matundu la kubania miguu ya watumwa. Miguu iliyopambwa na miguu iliyobanwa ilikumbukwa chini ya paa moja.

Wako wasemao kwamba sanaa ni sanaa na fedha ni fedha; Rembrandt hakumpiga mtu mjeledi. Ni kweli, kazi ya mkono wake ni njema. Walakini hoja hii haitoshi, kwa maana anayetazama leo ni sisi, na aliyekwisha kujua hawezi kutazama kama asiyejua.

Wengine husema picha za namna hiyo ziondolewe. La hasha! Kuificha picha ni kumficha shahidi, na mwenye kosa ndiye angefurahi.

Sisi twaona kwamba kosa haliko katika rangi, liko katika kunyamaza. Tuchukue mfano wa Mauritshuis, jumba zuri la mjini The Hague. Lilijengwa kati ya 1633 na 1644 kwa ajili ya Johan Maurits, aliyekuwa gavana wa koloni la Waholanzi huko Brazili. Mwaka 1637 alituma jeshi kuiteka ngome ya Elmina, Afrika Magharibi, ili mashamba ya miwa yapate watumwa. Watu wa zamani waliliita jumba lake nyumba ya sukari. Mwaka 2019 makumbusho yaliyomo humo yalifanya maonyesho ya kumchunguza upya mtu huyo. Hakuna tofali lililobomolewa, lakini mgeni aliondoka akijua zaidi.

Hata hivyo, kusema kweli ni mwanzo tu wa kulipa deni. Tarehe 1 Julai 2023 Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi hadharani kwa ajili ya utumwa. Neno hilo ni jema, lakini neno huthibitishwa na matendo yanayolifuata.

Tena tukumbuke wale wasiochorwa. Katika watu kumi wa maonyesho yale alikuwamo Sapali, mwanamke wa Suriname aliyetoroka utumwa akiwa ameficha mbegu za mpunga katika nywele zake. Hakuna tajiri aliyelipa ili sura yake ihifadhiwe. Wajukuu wake ndio waliomhifadhi, kwa kusimuliana.

Basi, tukisimama mbele ya kitu kizuri, tuulize mambo mawili: ni nani aliyekitengeneza, na ni nani hasa aliyekilipia? Tuulize hivyo hata kwa jumba jipya la jirani tunayemsifu, na kwa nyumba zetu wenyewe. Jibu likiwa chungu, tusifumbe macho.